Ngisi na dome kwenye maji marefu: kamba bandia wangu hafiki chini, nyie mnafanyaje?

Kijana_Fumba

Asalaam aleikum wadau wa bahari, na shikamooni wakubwa. Mie nimekulia Fumba, ngisi nimeanza kuvua nipo darasa la tano kwa mshipi wa mkono pale kwenye majani, maji ya pima mbili tatu (pima moja ni karibu mita mbili), unamuona kabisa kwa macho anakuja nyuma ya kamba wa plastiki, yaani chambo bandia chenye umbo la kamba na miiba, anasimama anamtazama, anabadilika rangi, halafu ile mikono miwili mirefu inaruka, kashakamata. Kwa uvuvi huo sina shida.

Sasa mwaka huu mie na kaka yangu tumepata boti ya faiba na mashine ya nguvu za farasi 15, tukasema tutoke nje kidogo maana kule majanini watu tumekuwa wengi na ngisi wenyewe wadogo wadogo tu. Tunakwenda kwenye mita 25 mpaka 40, pale mwamba unapoisha unaanza mchanga. Na huko nimeshindwa kabisa. Natumia kamba wale wale namba 3 na 3.5, namtupa, nasubiri, sijui kama kafika chini au bado, nikivuta sioni kitu, na siku nikimwacha muda mrefu ananasa kwenye jiwe. Nshapoteza wanne kwa wiki mbili na bei zake mnazijua. Juzi usiku tukawasha taa, ngisi tumewaona wanapita chini ya boti, wakubwa, mkono mzima, hawakugusa hata kimoja.

Kwa hiyo naomba kujua mnawafikishaje chini, mchana na usiku kuna tofauti gani, na huyu dome, ndugu yake ngisi mwenye mwili mpana, anataka nini maana naambiwa huko kwenye mchanga ndiko kwake.

Nahodha_Mtwapa

Waleikum salaam yakhe. Kamba wako hana kasoro, kasoro iko kwenye hesabu ya kushuka. Kamba namba 3.5 wa kawaida ana gramu 20 hivi na anashuka mita moja kwa sekunde tatu, hapo maji yametulia. Sasa piga mwenyewe, mita 30 ni sekunde 90, dakika moja na nusu, na muda wote huo boti inakwenda. Boti ikisukumwa nusu mita kila sekunde, na huo ni mwendo mdogo tu hata hausikii, ushasogea mita 45 kutoka pale ulipomtupa. Uzi umelala mlazo nyuma ya boti, kamba yuko katikati ya maji anaburutwa, hajauona mchanga tangu asubuhi. Na ngisi wa mchana analala karibu na chini, hatapanda mita 15 kukufuata wewe.

Ninavyofanya mimi ni hivi. Kwanza uzi, acha nailoni nene, chukua uzi wa kusuka wa ratili 15 au 20, ule mwembamba, maana unaobebwa na mkondo ni uzi wenyewe kuliko hata kamba. Mbele yake unga nailoni safi ya mita mbili. Halafu weka swiveli ya njia tatu, kile kiungo cha chuma kinachozunguka. Njia ya chini funga nailoni dhaifu ya sentimita 30 hivi na chubwi (uzito wa kuzamisha) ya gramu 80 mpaka 120 kulingana na mkondo wa siku hiyo. Njia ya ubavuni funga nailoni ya mita moja au moja na nusu, mwisho wake kamba MDOGO na mwepesi, namba 2.5, si 3.5. Kazi ya kushuka ni ya chubwi, kamba yeye kazi yake kuelea pale juu kidogo ya mchanga na kucheza. Ikinasa kwenye jiwe ile nailoni dhaifu ya chubwi inakatika, kamba wako anarudi mkononi. Tangu nianze hivi sijui mara ya mwisho nilipoteza kamba lini.

Na usinunue risasi kwa ajili hiyo. Nenda kwa mafundi wa nyumba uombe vipande vya nondo, nondo ya milimita 12 ukikata sentimita 10 unapata karibu gramu 90, kunja ncha moja iwe kitanzi basi. Ikikatika huumii roho.

Chubwi ikigonga chini utaisikia, tk, kunja uzi mpaka unyooke, nyanyua rodi mara mbili au tatu kamba aruke, halafu SIMAMA. Hesabu mpaka nane bila kugusa kitu. Hapa ndipo watu wengi wanapokosa, wanacheza rodi kama wanatwanga mpunga. Ngisi anavutwa na ule mruko lakini anakamata kamba akitulia, au akianza kushuka. Ukishahesabu nane, achia kidogo chubwi iguse tena, rudia. Ukiona sasa inachukua uzi mwingi mno kugusa chini ujue uzi ushalala, kunja wote anza upya. Usione tabu kukunja.

Kijana_Fumba

Allah akulipe kheri kaka Nahodha, hiyo ya sekunde 90 sikuwahi kuifikiria hata siku moja. Swali, nitajuaje kashika? Huku kwenye maji mafupi nilikuwa namuona kwa macho.

Nahodha_Mtwapa

Usingoje mdono kama wa changu. Ngisi hadonoi, anakumbatia. Unanyanyua rodi unakuta uzito haupo pale ulipouacha, kama umenasa kitambaa kilichorowa. Wakati mwingine ncha ya rodi iliyokuwa imeinama inanyooka yenyewe, maana yake kamchukua kamba anapanda naye juu. Ukiona chochote ambacho si cha kawaida nyanyua taratibu, usipige kwa nguvu, na ukishamhisi usiache uzi ulegee hata kidogo kwa sababu ile miiba ya kamba haina kijino cha kuzuia kama cha ndoana. Ngisi anavuta, anaacha, anavuta, ni kwa sababu anapuliza maji. Akivuta mwache achukue uzi, akiacha wewe kunja. Dome yeye ni uzito tu, kama unavua gunia.

Mzee_wa_Mkokotoni

Marahaba mwanangu. Aliyosema Nahodha ni sawa kwa mchana. Mimi nitasema ya usiku kwa sababu umri wangu wote nimelala baharini.

Kwanza muwaangalie hao ngisi mliowaona, walikuwa wapi? Naapa hawakuwa katikati ya mwanga. Katikati ya mwanga wanakaa dagaa. Ngisi anakaa pale mwanga unapokufa, kwenye kivuli cha boti, anatoka ghafla anachukua dagaa wake anarudi kizani. Sasa nyie vijana mnawasha taa pande zote, boti yote nyeupe, halafu mnamshusha kamba katikati pale wanapozunguka dagaa elfu. Atamuonaje, na kwa nini amchague yeye? Weka taa upande mmoja tu, upande wa pili ubaki na kivuli, na kamba wako apite mpakani, atoke mwangani aingie kivulini polepole kama dagaa aliyepotea njia. Zamani tulikuwa na karabai, ukichoka kuipampu mwanga unashuka, na kila ukishuka ngisi wanasogea. Skuizi mna taa za sola na za LED hazichoki, kwa hiyo mzipunguze wenyewe. Dagaa wakishakusanyika zima moja, bakisha moja.

Pili kina. Usiku ngisi anapanda, lakini hapandi mara moja. Magharibi ikiingia yuko chini bado, saa mbili saa tatu yuko kati, baadaye ndiyo unamuona juu. Mwenye kushusha pima moja usiku kucha, na mwenye kushusha mpaka chini usiku kucha, wote wawili watarudi na ndoo tupu. Mimi mshipi wangu nimeutia alama kila pima tano kwa uzi mwekundu wa cherehani, nazungusha mara kumi na tano hivi na fundo, kidole kinausikia hata kizani. Nikipata ngisi pima kumi namwambia mwenzangu kumi, wote tunashusha kumi, wakihama tunatafuta tena. Mkiwa wawili mmoja aanzie chini mwingine aanzie juu mpaka mmoja aguswe.

Tatu, na hili ndilo kubwa, ni siku. Bamvua, maji yanapojaa na kutoka kwa nguvu, usiende maji marefu, mkondo utakushinda hata ukifunga jiwe la kusagia. Nenda maji mafu, mkondo ukiwa dhaifu. Na maji mafu yako mara mbili kwa mwezi, hayalingani. Tarehe saba, nane, tisa za mwezi mwandamo, jioni mwezi upo juu, taa yako haina nguvu, ila karibu na saa sita ya usiku au baada yake kidogo unazama, kuanzia hapo mpaka alfajiri una kiza na maji yamelegea. Tarehe ishirini na mbili, ishirini na tatu ni kinyume, jioni yote kiza, mwezi unatoka katikati ya usiku. Hizo za ishirini na mbili ndizo nzuri kwako wewe mgeni wa maji hayo, utavua tangu magharibi na utarudi na mwezi unakuonyesha njia.

Na kusi likianza kupiga msijipe ushujaa. Malelezi, kati ya kusi na kaskazi, na kaskazi ikitulia ndio wakati wenu. Kabla hamjatoka sikilizeni utabiri wa TMA (Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania), na muache habari nyumbani mnakwenda wapi na mnarudi saa ngapi.

Kijana_Fumba

Mzee wangu nakushukuru sana. Kweli kabisa, taa tulizungusha boti nzima, nne.

Mtu_wa_Maskati

Salaam kutoka Maskati, Oman, mie asili yangu Wete, Pemba, nipo huku mwaka wa tisa. Dome huku anaitwa habbar na wanampenda vibaya sana, msimu wake ukifika boti zimejaa kila Ijumaa. Tunatoka upande wa Qurayyat na mita zetu ni hizo hizo zako, 20 mpaka 40.

Dome ni mtu wa mchangani. Anajifukia au anajilaza anakuwa rangi ya mchanga, unaweza ukampita juu usimuone. Kwa hiyo ile njia ya ubavuni aliyosema Nahodha kwa dome ifanye fupi, na iwe chini zaidi, kamba awe shibiri moja tu au moja na nusu juu ya mchanga. Usimrushe. Mnyanyue mkono mmoja, mshushe, mwache. Hesabu si nane, hesabu kumi na tano, ishirini. Dome anamfuata kamba polepole anajifikiria, ukimnyanyua haraka anakata tamaa. Kuna siku tulizungusha kipande cha dagaa mgongoni mwa kamba kwa waya mwembamba wa shaba, dome wakashika mmoja baada ya mwingine na wenzetu wa boti ya pili hawana kitu.

Jambo la pili ambalo halijatajwa ni mwendo wa boti. Mkitia nanga mnavua tundu moja tu, mkiachia inakimbia. Sisi tunaachia lakini tunafunga parashuti mbele. Niliishona mwenyewe kwa turubai, mfano wa mfuko wa koni, mdomo mpana kama sinia kubwa la pilau, nyuma tundu la kupitisha ngumi, kamba nne mdomoni zinakutana kwenye kamba moja, unaifunga omo (mbele ya boti) unaitupa majini. Inajaa maji inaishika boti, upepo unakusukuma lakini pole pole, na uzi wako unasimama wima. Siku yenye upepo hiyo parashuti ni bora kuliko kuongeza chubwi.

Na kuhusu rangi za kamba, watu wananunua ishirini kila rangi wanamaliza pesa. Ngisi wengi hawaoni rangi, jicho lao lina kipokezi cha aina moja tu cha mwanga. Wanachoona vizuri ni weusi na weupe, kitu kilivyojitenga na maji. Kwenye mita 30 hata nyekundu yako imeshakuwa nyeusi. Uwe na mmoja wa giza, mmoja wa kung'aa, na mmoja wa kuwaka kizani ambaye unammulika tochi kabla ya kumshusha, wanatosha. Ile namba nayo ni urefu, ni kipimo cha Kijapani cha sentimita tatu hivi, kwa hiyo namba 3 ni sentimita 9 na 3.5 ni 10 na nusu. Asili ya hawa kamba ni Japani, kusini kule Kyushu, walikuwa wanawachonga kwa mbao. Kwa nini nasema, kwa sababu kaka yangu Wete anawachonga kwa mbao mpaka leo, anafunga miiba ya chuma cha spoku za baiskeli, na wanakamata.

Nahodha_Mtwapa

Hiyo ya rangi nitabisha kidogo ndugu yangu wa Maskati. Nimeona siku chungwa inakamata na kijani haigusi, boti moja, uzi mmoja.

Mtu_wa_Maskati

Sikatai umeona, nasema alichochagua ngisi ni mwangaza wa ile chungwa, si uchungwa wake. Jaribu siku nyingine kijivu yenye mwangaza ule ule.

Bi_Ngisi_Darajani

Naomba niwaambie wavuvi jambo kwa upande wetu sisi tunaonunua. Ngisi wa mshipi ni bora kuliko wa nyavu, hana michubuko, lakini mnamuharibu wenyewe kwenye ndoo. Mnamtupa mzima mzima pamoja na wenzake, wanatemeana wino, wanaumana, halafu mnamwaga barafu juu. Barafu ikiyeyuka yale maji baridi yasiyo na chumvi yanamgusa ngozi inakuwa nyekundu iliyopauka, na mkifika sokoni mnaniambia wa leo huyu dada. Wa leo ndiyo, lakini hana sura ya leo.

Akitoka tu majini mgeuze tumbo lisikuelekee, mwache ateme wino baharini huko huko. Halafu mchome katikati ya macho kwa kitu chenye ncha, utamuona anapauka mweupe ghafla upande mmoja, chomeka tena kuelekea upande wa mwili naye atapauka wote. Mtie kwenye mfuko, funga, ndiyo mfuko ulale kwenye barafu. Mie ngisi wa hivyo nanunua mbele ya wote na nitamkata nimuonyeshe mteja nyama inang'aa kama kioo. Na dome mshike kwa mgongo, mdomo wake unauma kweli, mdomo ule kama wa kasuku.

Kijana_Fumba

Narudi na majibu wakubwa zangu. Tulingoja mpaka mwezi ishirini na mbili kama alivyosema mzee, tukatoka saa kumi jioni, bahari imelala. Nondo nilikata vipande kumi na viwili kwa fundi jirani yetu. Parashuti hatujashona bado, tulitumia ndoo mbili za rangi tulizozitoboa matundu, zikasaidia kiasi.

Mara ya kwanza chubwi imegonga chini mita 32 nikaisikia kwenye kidole nilifurahi kama nimepata samaki. Kabla ya magharibi tulipata dome watatu, wote kwenye ule mchanga chini ya mwamba, wote wakati nimetulia nahesabu, mmoja nilikuwa nshafika kumi na nane nataka kunyanyua. Usiku tukawasha taa moja upande wa kulia. Saa mbili hakuna kitu. Saa tatu kasoro kaka akapata pima kumi na mbili, nami nikashusha hapo hapo. Ngisi saba mpaka mwezi kutoka, mdogo wao analingana na mkubwa wa kule majanini. Mmoja alivyoletwa juu wenzake watatu wakaja naye mpaka ubavuni mwa boti, kaka akamwacha majini kidogo, mie nikamshusha kamba wangu pembeni yake, kakamatwa papo hapo.

Ila wawili wamenitoka. Wote nikawafikisha juu, nikabaki na kipande cha mkono tu kwenye mwiba.

Na kingine, kamba ya nanga ya zamani iliyonasa chini tuliyoivuta imekuja na vidole vyeupe laini vimeshikana kama shada. Kaka alitaka kuvitupa, nikamwambia ngoja niulize, nimeiacha imefungwa kwenye boya pale pale.

Nahodha_Mtwapa

Hongera sana! Hao wawili walishikwa ule mkono mrefu peke yake. Ukiona uzito ni mdogo halafu anazunguka zunguka, ujue hajashikwa vizuri, legeza breki ya rili hata robo, usimnyanyue nje ya maji kwa uzi hata awe mdogo vipi. Kimia (wavu mdogo wa mkono) chini yake, na kimia kimsubiri nyuma, mkiani, si mbele. Ngisi akishtuka anarudi kinyumenyume, ataingia mwenyewe.

Mzee_wa_Mkokotoni

Umefanya vizuri kuuliza. Hayo ni mayai ya ngisi mwanangu, kila kidole kina mayai machache ndani, ukikiweka mbele ya tochi utayaona. Sisi wa madema (mitego ya samaki) tunayakuta kila mara yameganda kwenye dema, tunalirudisha dema baharini na mayai yake mpaka yaanguliwe. Ngisi umri wake haufiki hata mwaka, kwa hiyo hao ndio utakaowavua kaskazi ijayo. Ile kamba usiiache juu kwenye boya, jua litayaunguza. Funga jiwe, ishushe ikae chini pale pale ulipoitoa.

Kijana_Fumba

Kesho alfajiri nakwenda kuishusha inshallah.